Uzi wa Mkono wa Fiachra

Kilbrannock
Jumatatu, 2 Juni

Dada Attracta,

Salamu kwa wote hapo ng'ambo ya mto, hata wale wasiostahili. Umesikia redioni, usijifanye hukusikia. Kwenye nusu fainali ya magongo tumewapiga wale wa kaunti nyingine goli tatu na pointi kumi na moja, wao wameambulia goli moja na pointi tisa, na refa alikuwa wa kwao. Fainali ya jimbo ni tarehe 6 Julai, kaunti yetu na kaunti yenu, tena hapa hapa, kwenye nyasi ninazokata mimi. Mkija fungeni midomo na futeni viatu.

Nimesema tumewapiga, lakini aliyewapiga ni Fiachra Dolan. Goli mbili peke yake. Kijana ana miaka ishirini na miwili, na akishika gongo mpira unamfuata wenyewe. Mimi nautunza uwanja huu mwaka wa ishirini na saba sasa, na kabla yangu aliutunza Baba, na kombe la jimbo hatujalibeba tangu nizaliwe. Unajua vizuri, ulikuwa unalia nasi kabla hujaolewa na hao watu. Nisipoliona mwaka huu, basi tena. Fiachra ana mjomba Boston anayempigia simu kila wiki, na hapa kazi hakuna.

Nasikia Colman wako hatimaye kaitwa acheze beki wa kona. Mpe pongezi za mjomba wake. Huenda ndiye atakayepangiwa kumkaba Fiachra, maskini ya Mungu. Mwambie avae sweta, atapata mafua kwa upepo wa kupitwa.

Mdogo wako,
Malachy


Derryglass
Jumapili, 8 Juni

Malachy mdogo wangu,

Barua yako niliisoma mezani kwa sauti, shemeji yako Enda akacheka mpaka chai ikampalia. Colman hakucheka. Ana miaka ishirini na mitano, na mitano kati ya hiyo ameimaliza benchi, akiwabebea wenzake maji. Mteuzi kamwambia wazi kwamba akipitwa siku ya fainali, asahau jezi ya kaunti maisha yake yote. Basi huyo mpwa wako siku hizi hali vizuri, halali vizuri, anakwenda kupiga mpira ukutani hata mvua ikinyesha. Utani tuufanye mimi na wewe, yeye muache.

Wiki hii wamekuja watu tisa mlangoni kutafuta uzi wangu wa kuponya walioteguka. Wanane wameteguka wao wenyewe, wa tisa kaja na ng'ombe. Nimemfungia ng'ombe pia, ningefanyaje, mwenye tiba hakatai. Baba alijua anachofanya aliponirithisha tiba hii mimi badala yako. Wewe ungemkatalia kila aliyevaa rangi zetu.

Siku ya mechi nitakaa na skafu yetu shingoni na yenu mfukoni. Miaka thelathini na minne nimefanya hivyo na sijafa.

Dada yako,
Attracta


Kilbrannock
Jumatano, 25 Juni

Dada,

Soma hii peke yako.

Jana jioni mazoezini Fiachra aliangukia mkono. Watu waliona ameinuka na kucheka, wakaendelea na yao. Baadaye nikamkuta kwenye banda langu la mashine, anaumwagia mkono maji ya bomba na machozi yanamtoka. Mfupa haukuvunjika, Jarlath Moy mchuaji wetu kashaushika, lakini umeteguka vibaya. Kocha kaamua asiambiwe mtu. Gazetini atatajwa kuwa mzima, na siku ya fainali atacheza akiwa amefungwa bandeji chini ya soksi ndefu aliyoikata mguu na kuivalisha mkononi. Wanaojua ni kocha, Jarlath na Fiachra. Na mimi, lakini kocha hajui kwamba najua.

Unajua ninachokuomba. Unajua pia masharti kuliko mimi, kwamba bila jina kamili na kiungo chenyewe uzi ni uzi tu wa kushonea vifungo. Basi jina ni Fiachra Aodhán Dolan, na kiungo ni kifundo cha mkono wa kushoto.

Yeye nimemdanganya. Nimemwambia Baba aliacha uzi mmoja kwenye droo. Angejua unatoka ng'ambo ya mto asingeugusa, na watu wangenichinja. Lakini Baba alisema mwenye tiba hana kaunti, na jina la mgonjwa halitoki kwenye nyumba yake. Mimi naamini hivyo. Ningemwamini nani mwingine?

Malachy


Derryglass
Jumamosi, 28 Juni

Mdogo wangu,

Uzi umo ndani, mafundo tisa. Umfunge asubuhi kabla hajala kitu. Usikatwe kwa mkasi, uachwe mpaka ukatike wenyewe. Usinishukuru, hairuhusiwi.

Barua yako nimeitia motoni.

Timu yetu imetangazwa. Colman ndiye atakayemkaba Fiachra.

Attracta


Kilbrannock
Jumatatu, 7 Julai

Attracta,

Dakika ya tatu. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa banda, hatua thelathini hivi kutoka walipokuwa. Mpira ulikuwa juu ya vichwa vyao, juu kabisa, kila mtu uwanjani ameinua uso. Colman peke yake ndiye aliyetazama chini. Gongo lake lilishuka kwenye kifundo cha kushoto na ule mlio niliusikia mimi, sikuhadithiwa. Refa alikuwa anatazama mpira kama wengine.

Mifupa miwili. Daktari anasema Fiachra huenda asishike gongo tena kama zamani.

Tumefungwa kwa goli moja tu, na goli moja Fiachra hulifunga usingizini. Wazee wamelia hapa. Mimi sikulia, niliingia bandani nikakaa juu ya mfuko wa mbegu za nyasi. Ulipita na skafu yako, nilikuona, ukanipungia mkono.

Nataka jibu moja tu. Ulimwambia nani?

Malachy


Derryglass
Alhamisi, 10 Julai

Malachy,

Pole kwa kijana wa watu. Nimemwombea. Lakini huo ni mchezo wa magongo, na magongo hupiga watu, tangu tukiwa watoto vidole vimevunjika na vichwa vimepasuka na hakuna aliyemwandikia dada yake barua ya namna hiyo. Colman alikuwa anaufuata mpira. Yeye mwenyewe kasema, na mimi namwamini mwanangu.

Mmefungwa na inauma, naelewa. Usitafute mchawi.

Attracta


Kilbrannock
Jumatatu, 21 Julai

Attracta,

Mchawi wamempata bila mimi kuwasaidia.

Kocha kakaa kakumbuka kwamba waliojua ni watatu. Yeye hakusema, Fiachra hakusema, kabaki Jarlath. Halafu mtu akakumbusha kwamba Goretti mke wa Jarlath katoka huko kwenu, Derryglass hiyo hiyo, na ana kaka zake huko. Basi, kesi ikaisha kabla haijaanza. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wanavyosema hapa kila mahali, kwenye baa, nje ya kanisa, kwa mwuza nyama. Kamati imemnyang'anya funguo. Miaka kumi na tisa amewachua vijana wetu misuli. Jumapili katika misa, padre aliposema tupeane amani, benchi zima la mbele ya Jarlath halikugeuka. Goretti alibaki ameunyoosha mkono.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma yao. Nilimpa mkono. Alinishukuru, Attracta. Aliniambia, "Malachy, wewe una utu."

Mtu wa kusema ni mimi, na nimenyamaza. Siku kumi na nne leo. Kila asubuhi nasema leo nitasema, kisha nawasha mashine, nakata nyasi ambazo nilizikata jana.

Kwa hiyo usiniambie habari za mpira uliokuwa unafuatwa. Hapa kuna mtu anabeba mzigo wangu, na sijui hata kama ni wangu au wako. Ulimwambia nani?

Malachy


Derryglass
Jumapili, 27 Julai

Malachy mdogo wangu,

Nilimwambia Colman.

Ilikuwa Ijumaa ile waliyotangaza timu. Alirudi nyumbani akasukuma sahani, akasema, "Mama, yule jamaa atanifanya kichekesho mbele ya watu elfu thelathini." Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Nikamwambia, "Yeye pia ni mtu. Mkono wake wa kushoto unangoja uzi wangu. Uchunge, usije ukauumiza." Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno, naapa mbele ya kaburi la Baba. Nilimwambia auchunge.

Nimekuwa nikijiambia hivyo tangu siku ile. Leo nitakwambia na yaliyobaki. Niliona jinsi uso wake ulivyobadilika. Alivuta sahani akaanza kula. Nami nikafurahi kumwona anakula, Malachy. Nikamwongezea viazi. Mama yeyote angejua kwa nini hamu imemrudia, nami nilijua, nikajifanya sijui.

Baada ya mechi nilimuuliza. Akanijibu, "Sasa ulitaka nifanyeje, Mama? Uliniambia ili nisahau?"

Sijawahi kulitoa jina la mtu. Miaka ishirini, mamia ya watu, wengine waliteguka mahali ambapo wake zao hawakupaswa kujua walikuwa. Sikulitoa hata moja. Nimelitoa la mgonjwa uliyenikabidhi wewe.

Barua yako ya kwanza ya kuniuliza niliijibu kwa uongo. Nisamehe kwa hilo angalau.

Dada yako,
Attracta


Kilbrannock
Jumatatu, 11 Agosti

Dada,

Barua yako imekaa mfukoni mwangu wiki mbili. Jana baada ya misa nilikwenda kwa Jarlath.

Nilimkuta anafunga vyombo kwenye masanduku na magazeti. Wanahama mwisho wa mwezi, Goretti hawezi tena kuingia dukani. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Hakushtuka. Aliendelea kukizungushia kikombe gazeti.

Akasema, "Najua."

Nikamuuliza unajuaje.

"Bandeji nilikuwa nafunga mimi, Malachy. Uzi niliuona siku ya kwanza. Mpya, mweupe, mafundo bado yamekaza. Kijana kaniambia umetoka kwenye droo ya marehemu baba yako. Nikasema moyoni, droo gani hiyo. Kila mtu wa umri wangu hapa anajua mzee alimpa nani tiba, na huyo mtu anakaa wapi."

"Kwa nini hukuwaambia kamati?"

"Ningesemaje? Kwamba rafiki yangu ni msaliti? Niliona ni kazi yako kusema. Nikakungoja." Akakiweka kikombe sandukuni. "Nimekungoja wiki tano. Juzi Goretti kaniambia wewe ndiye mtu pekee aliyempa mkono kanisani. Nikaenda kutafuta masanduku."

Dada, maishani mwangu nimetukanwa sana, na refa, na mashabiki, na mke wangu marehemu, Mungu amrehemu. Sijawahi kuambiwa kitu kama kile.

Nikatoka pale moja kwa moja mpaka kwa mwenyekiti wa kamati. Nikamwambia ni mimi. Unajua alifanya nini? Alinimiminia chai. Kasema, "Malachy, kila mtu anajua wewe na Jarlath mmetoka mbali. Moyo wako mzuri, lakini usijitie doa kwa ajili yake." Nikamwambia amuulize Fiachra kuhusu uzi. Fiachra yuko Boston tangu wiki iliyopita, kaondoka na plasta mkononi, na mwenyekiti anasema hatamsumbua kijana kwa hadithi za nyuzi. Anataka ushahidi, la sivyo niende zangu nikakate nyasi.

Ushahidi ni barua yako ya tarehe 27. Kamati inakaa Jumatatu ijayo, tarehe 18, na wanachama wote wameitwa. Nataka kuisoma. Sitaki kuisoma bila ruhusa yako. Nipe ruhusa.

Mdogo wako,
Malachy


Derryglass
Alhamisi, 14 Agosti

Malachy,

Hapana.

Nimefikiri usiku na mchana na jibu ni hapana. Wewe utasimama useme nilikosea kwa sababu nilitaka mgonjwa apone, na watakupiga mgongoni na kukuambia pole. Mimi je? Mimi nitakuwa mwanamke aliyelitoa jina la mgonjwa wake. Hilo halina pole. Nani atabisha tena mlango wangu? Nani atanitajia jina la mtoto wake? Baba alipewa tiba hii na bibi yake, na bibi yake na mjomba wake, na itafia mikononi mwangu kwa aibu, mbele ya watu wa kwetu wote niliozaliwa nao.

Na Colman. Tarehe 7 Septemba anacheza fainali ya nchi nzima huko Dublin. Najua alichofanya. Ni mwanangu.

Mwambie Jarlath nitamwandikia mwenyewe. Nitamwomba radhi kwa magoti akitaka, nitamwandikia na Goretti. Lakini iwe kati yetu. Barua ile niliiandika kwa ndugu yangu, sikuiandikia kamati. Umenililia nikwambie ukweli na nimekwambia, kwa kukuamini. Ukiisoma mbele za watu utakuwa umenifanyia kile kile nilichokufanyia mimi, tofauti ni kwamba mimi ulimi uliniponza, na wewe utakuwa umekaa ukafikiri.

Ichome, Malachy. Nakuomba kwa jina la mama yetu.

Attracta


Kilbrannock
Jumanne, 19 Agosti

Attracta,

Nimeisoma.

Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Jarlath alikuwepo, Goretti pia, wamekaa peke yao, viti vitupu kila upande. Nilisoma yote, na pale pa viazi pia. Nilitaka kuruka hapo nikashindwa, kwa sababu bila pale ingeonekana kama umeitunga. Nilipomaliza mwenyekiti aliniomba karatasi, akaitazama sahihi yako, akaipitisha. Ilizunguka ukumbi mzima, mikono ya watu kama sitini. Walipoirudisha ilikuwa imechakaa.

Walimwomba Jarlath radhi hapo hapo na kumrudishia funguo. Alizipokea. Kisha akasimama, akamshika Goretti mkono, wakatoka, na alinipita bila kunitazama. Mimi nimeambiwa nisikanyage tena uwanjani. Mashine nimewaachia.

Sijui kama nimefanya hivi kwa ajili ya Jarlath au kwa sababu sikuweza tena kulala. Sitakuficha. Ulisema nitakuwa nimekaa nikafikiri, na ni kweli, nilifikiri siku nne. Nilikuwa na barua yako moja mkononi ikiniambia hapana na nyingine ikisema kweli, nikaenda na ile ya kweli.

Niandikie hata kama ni matusi.

Mdogo wako,
Malachy


Derryglass
Jumatatu, 8 Septemba

Malachy,

Tumeshinda. Colman alicheza dakika zote sabini. Maneno yalivuka mto siku tatu baada ya mkutano wenu, na kila mtu hapa anajua alichofanya, na wamembeba mabegani kutoka stesheni mpaka mjini. Mteuzi kasema ni beki mwenye roho ya kazi. Ndiyo mambo yalivyo, aliyepiga anapigiwa ngoma.

Mimi sikwenda Dublin. Mlango wangu haujabishwa tangu tarehe 22 Agosti. Juzi binti wa jirani kaanguka na baiskeli hapa mbele ya geti langu, mguu umeteguka, nimeuona kwa macho yangu unavimba. Nikatoka na uzi mkononi. Mama yake kambeba mgongoni, mtoto mkubwa wa miaka kumi na mbili, akaniambia, "Asante Bi Lenaghan, tutakwenda kwa daktari." Daktari yuko maili kumi na moja. Mtoto analia njia nzima, nikamsikia mpaka walipokata kona.

Enda ananiambia itapita. Haijui tiba, anadhani ni kama mafua.

Nimefurahi Jarlath karudishiwa kazi yake. Hilo nalisema kwa moyo wote, na Goretti nimemwandikia. Ulichofanya ni haki. Padre wetu kasema ni haki, na ingekuwa dada wa mtu mwingine hata mimi ningesema ni haki, ningekusifu. Nilikosa mimi kwanza, na sikatai. Lakini mimi nilikukosea nikiwa jikoni na mtoto wangu mbele yangu akikataa kula, na wewe ulisimama ukumbini na hapana yangu mfukoni, ukanisoma mstari kwa mstari mpaka chini, mpaka pale nilipoandika dada yako.

Usiniandikie tena. Sitajibu, na Enda nimemwambia asikupokelee simu. Ukitangulia kufa wataniita na nitakuja kukuzika, hilo sina budi. Nikitangulia mimi, njoo, maana watu watatazama kama umekuja. Lakini kaa nyuma, na usibebe jeneza.

Attracta